Leseni ya kidimbwi isiwe risiti tu

Mhariri,

Naandika kuhusu leseni za vidimbwi vya kuogelea hapa Mombasa. Hoteli kubwa za ufuoni sizitilii shaka sana. Shaka yangu ni nyumba za kukodisha kwa siku kule Nyali na Bamburi, ambako bawabu wa lango ndiye huyo huyo anayetia klorini, tena kwa kukisia. Na jua letu hili huimaliza klorini upesi. Maji yakang'aa na bado yakaambukiza.

Katiba ya 2010 imeipa kaunti mamlaka ya leseni za biashara. Basi isitoe leseni kabla ya kuona mwokoaji aliyefunzwa, uzio, na vipimo vya kila siku vilivyobandikwa ukutani, mzazi avisome kabla mtoto hajavua viatu.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa