Mwandishi wa historia asijue

Iringa,
Jumapili jioni.

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, mama anaendelea vizuri na anakusalimu sana. Barua yako niliipata kazini nikaisoma wakati wa chai, na swali lako limenikaa tangu siku hiyo. Unasema ulijaribu kusoma historia ya China, Korea na Japani, ukakutana na msururu wa nasaba, majina yanayofanana, na ramani zinazobadilika kila baada ya kurasa chache, ukafunga kitabu. Unataka kujua mimi nilianzia wapi hata sasa siachi.

Nilianzia kwa mfalme aliyeanguka kutoka juu ya farasi.

Mwaka ni 1404, nchi ni Korea, wakati dola hiyo ikiitwa Joseon. Mfalme Taejong yuko mawindoni, anamkimbiza paa akiwa juu ya farasi, upinde mkononi. Farasi anajikwaa, mfalme anaanguka. Hakuumia. Alipoinuka alitazama kushoto, akatazama kulia, akasema: mwandishi wa historia asijue. Sisi tunaijua habari hii leo kwa sababu mwandishi wa historia alijua, akaiandika, na pamoja nayo akaandika lile katazo.

Zuhura, niliposoma hapo niliacha kila kitu. Kazi yangu unaijua, nashinda masijala. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada naipa namba ya folio, ili mtu akiichomoa, pengo lionekane. Kwa hiyo nikataka kuwajua watu hawa ambao mfalme, mwenye uwezo wa kumkata mtu kichwa, aliwaogopa kuliko alivyoogopa kuvunjika mguu.

Walikuwa maofisa vijana. Joseon ilipanga watumishi wake kwa madaraja tisa, na wale wanane waliobeba mzigo mkubwa wa kazi hii walikuwa wa daraja la saba hadi la tisa, yaani chini kabisa. Mfalme akikutana na mawaziri, mwandishi yupo, kalamu mkononi. Anaandika aliyoyasema mfalme, aliyojibiwa, nani alikasirika, mvua ilinyesha wapi, njaa imeingia mkoa gani. Mara nyingine anaongeza hukumu yake mwenyewe chini ya maneno “mwandishi wa historia anasema”, na hapo waziri mwenye heshima zake anaitwa mlafi au mnafiki waziwazi. Miswada mingine waliiweka nyumbani kwao. Mfalme alipofariki iliundwa ofisi maalumu, miswada ikakusanywa, ikalinganishwa na kumbukumbu nyingine za serikali, na kikatoka kitabu cha enzi ya mfalme huyo. Kisha miswada ilipelekwa kwenye kijito nje kidogo ya lango la Seoul, ikaoshwa wino wote, karatasi zikatumika upya. Lililobaki ni kitabu chenyewe, na kitabu hicho mfalme anayefuata haruhusiwi kukisoma.

Vitabu hivyo kwa pamoja huitwa Sillok. Vinahusu wafalme 25 na miaka 472, kuanzia 1392 hadi 1863, katika juzuu 1,893. UNESCO iliviingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

Taejong huyohuyo alisumbuana na waandishi hao tangu mapema. Mwaka 1401 aliagiza wasiingie kwenye chumba alichokuwa akifanyia shughuli zake za kawaida, kwa sababu pale ni mahali pake pa kupumzikia. Mwandishi mmoja, Min In-saeng, akajibu kwamba hata huko mawaziri huingia kuzungumza mambo ya nchi, sasa yeye ataandika nini akizuiwa mlangoni? Akaongeza kwamba asipokuwa mnyoofu, juu yake iko mbingu. Baadaye alikutwa akisikiliza nyuma ya pazia la ukumbi, akafukuzwa na kupelekwa uhamishoni. Lakini hata habari hiyo imo kitabuni. Waliobaki waliiandika.

Kisha akaja mwanawe, Sejong, yule aliyewabunia Wakorea alfabeti yao mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446. Ni mfalme ninayempenda, nakwambia kweli. Mwaka 1431 aliomba asome habari za enzi ya baba yake. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kujifunza. Mawaziri wakakataa: ukisoma wewe, atakayekuja baada yako naye atasoma, naye atataka kubadilisha, na mwandishi akijua kwamba mwana wa mfalme atasoma, ataogopa kuandika ukweli. Sejong akakubali. Mwaka 1438 akaomba tena, akakataliwa tena, akakubali tena. Hebu fikiria mtu mwenye mamlaka yote anaambiwa “hapana” na watumishi wake mwenyewe, mara mbili, kuhusu habari za baba yake mzazi, naye anaona wana haki.

Chimbuko la desturi hii ni la kale zaidi na liko China. Mwaka 548 kabla ya Kristo, katika dola ya Qi, mkuu mmoja aitwaye Cui Zhu alihusika kumuua mtawala wake. Mwandishi wa dola akaandika: Cui Zhu amemuua bwana wake. Cui Zhu akamuua mwandishi. Mdogo wake mwandishi akaandika maneno yaleyale, naye akauawa. Akafuata ndugu mwingine, akauawa. Ndugu wa nne alipoandika maneno yaleyale, Cui Zhu akamwacha. Wakati huo mwandishi mwingine kutoka kusini alikuwa amesikia kwamba wenzake wote wamekufa, akashika vipande vyake vya mianzi (ndivyo walivyoandikia siku hizo) akaanza safari kwenda kuandika yeye. Aliposikia njiani kwamba habari imeshaandikwa, akageuka akarudi kwao. Vijana wa Joseon walilelewa kwa visa hivi. Walipoketi mbele ya Taejong walijua wanakaa kwenye nafasi ya nani.

Usidhani vitabu hivi vimejaa ukali mtupu. Sehemu niliyoisoma na kuirudia ni ya tembo. Mwaka 1411 Ashikaga Yoshimochi, shogun (mtawala wa kijeshi) wa Japani, alimpelekea Taejong tembo kuwa zawadi. Korea haikuwa na tembo, na hakuna aliyejua afanyiwe nini isipokuwa kumlisha maharage, vipimo vinne hadi vitano vya wakati ule kila siku. Mwaka uliofuata, ofisa mstaafu mmoja alikwenda kumtazama, akamcheka kwa ubaya wa sura na kumtemea mate. Tembo akamkanyaga akafa. Sisi huku tunaowajua tembo tungemwonya mapema! Mwaka 1413 ikaamuliwa tembo apelekwe uhamishoni kwenye kisiwa huko kusini, kama walivyopelekwa maofisa waliokosa. Baada ya miezi ikaja taarifa kutoka kwa mkuu wa mkoa: tembo hali chakula, anazidi kukonda, na akiona watu hutoa machozi. Mfalme akamhurumia, akaamuru arudishwe bara.

Haikuishia hapo. Enzi ya Sejong, mwaka 1421, tembo alimuua mtu aliyekuwa akimtunza, na mkoa ukalalamika kwamba mnyama huyu anakula sana na faida yake haionekani. Sejong akajibu achaguliwe mahali penye maji na majani mazuri, na wasimwache afe kwa ugonjwa au njaa. Miaka mia sita imepita, na karani asiyejulikana ndiye aliyetufanya tuujue upweke wa mnyama mmoja katika nchi isiyo yake.

Najua utaniuliza kuhusu twiga wa Malindi. Ndiyo, China ya nasaba ya Ming nayo iliandika vitabu vya namna hii, na mwaka 1415 vinataja ujumbe uliompeleka twiga kutoka nchi ambayo watafiti wengi wanaitambua kuwa Malindi. Wachina walimwona kuwa ni yule mnyama wa baraka wa hadithi zao. Ila sikutaka kukuanzishia hapo. Watu wetu wengi huingia historia ya Asia ya Mashariki kwa mlango wa twiga, wakishajiona wao wenyewe ndani yake wanatoka. Mimi nataka ukae na Wakorea kwa ajili yao.

Nisikufiche upande wa giza. Mwaka 1498, enzi ya Yeonsangun, wapinzani wa mwandishi aitwaye Kim Il-son walichungulia miswada yake, wakamfikishia mfalme maneno yaliyoonekana kumshutumu baba wa babu yake kwa kunyang’anya kiti cha enzi. Kim Il-son aliuawa, pamoja na wengine. Mwalimu wake aliyekuwa ameshakufa alifukuliwa kaburini. Kwa hiyo ukuta ule kati ya mfalme na miswada uliweza kubomolewa, na ulibomolewa kwa msaada wa wasomi wenyewe. Yeonsangun alipinduliwa mwaka 1506. Enzi yake nayo iliandikwa, ukatili wote umo, ila kitabu chake kikanyimwa hata jina la Sillok. Kinaitwa shajara tu.

Jambo lingine lililonigusa kwa sababu ya kazi yangu: karne ya 17 makundi ya kisiasa yalipokezana madaraka, na kundi lililoingia halikuridhika na namna kundi lililotoka lilivyoandika enzi ya mfalme Seonjo. Wakaandika upya, toleo lao lilikamilika mwaka 1657. Lakini lile la kwanza hawakulichoma. Waliyaweka yote mawili, na leo unaweza kuyasoma sambamba ukaona kila upande unavyomsema mwenzake. Zuhura, ni watu wangapi waliowahi kushinda wakaacha maneno ya adui yao kwenye kabati lilelile?

Na vitabu vyenyewe nusura vipotee. Nakala zilitunzwa katika miji minne: Seoul, Chungju, Seongju na Jeonju. Mwaka 1592 majeshi ya Japani yalipovamia, ghala tatu ziliteketea. Ilibaki ya Jeonju peke yake. Wasomi wawili wa mashambani, An Ui mwenye miaka 64 na Son Hong-rok mwenye miaka 56, ambao hawakuwa na cheo kinachowalazimisha, walisaidia kuyabeba makasha mpaka milima ya Naejang, wakayaficha na kuyalinda kwa zamu zaidi ya mwaka mzima. An Ui aliacha hata kumbukumbu ya nani alikuwa lindoni siku gani. Vita vilipokwisha, nakala mpya zilichapwa kutoka kwenye hiyo moja, na safari hii zikapelekwa milimani badala ya mijini. Nusu ya kwanza ya historia ya Joseon, pamoja na tembo wetu, ilipitia mikononi mwa wazee hao.

Nakala ya mlima Odae ilipata mkasa wake. Mwaka 1913, Korea ikiwa koloni la Japani, ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Tokyo, na sehemu kubwa ikaungua katika tetemeko kubwa la mwaka 1923. Juzuu 47 zilizokuwa zimesalia kule zilirudi Korea mwaka 2006.

Sasa lile swali lako la tamthilia ya Kikorea, kama yule binti alikuwepo kweli. Yule binti wa jikoni la ikulu aliyekuja kuwa tabibu, tuliyekuwa tukimfuatilia mpaka usiku, yumo kweli! Anaitwa Jang-geum, tabibu wa kike wa mfalme Jungjong, na ametajwa mara chache tu. Mwaka 1544, mfalme akiwa mgonjwa, aliwaambia mawaziri kwamba hali yake tabibu huyo wa kike anaijua. Alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alikufaje, hakuna kilichoandikwa. Mengine yote tuliyolilia ni kazi ya watunzi. Sikuudhika hata kidogo nilipogundua. Nilifurahi kwamba katika baraza la wanaume watupu kuna aliyeona jina la mwanamke yule linastahili wino.

Kuhusu namna ya kusoma: asili yake ni Kichina cha kale, ambacho hata Wakorea wengi leo hawakisomi. Tafsiri ya Kikorea cha sasa ilikamilika Korea Kusini mwaka 1993 baada ya kazi iliyoanza mwaka 1968, na yote imewekwa kwenye intaneti bure. Mimi natumia programu ya kutafsiri, napata Kiingereza kibovu, nalinganisha na vitabu vya watafiti. Inakwenda polepole. Usianze na nasaba. Chagua mfalme mmoja, nakushauri Sejong, ukae naye mwaka mmoja wa enzi yake, siku kwa siku: kodi, ukame, ugomvi wa mawaziri. Majina yatajipanga yenyewe, na vita na ramani vitakuja kwa zamu yake. Ukipata nafasi ya kupiga simu Jumamosi jioni, tunaweza kusoma pamoja, kila mmoja na simu yake nyingine mkononi.

Wewe uliandika kwamba Japani ndiyo inayokuvuta zaidi. Basi tafuta upande wa pili wa habari ya tembo: shogun yule alimpata wapi, na nani alimsafirisha baharini? Nikipata jibu kabla yako nitakuandikia.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie bibi nauliza hali ya goti lake.

Wako akupendaye,
Rehema