Wapiga ngoma wana majina, yaandikeni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linaloniuma kila tamasha linapopita. Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo. Kamera ni mapenzi tu, sijaajiriwa na mtu. Alfajiri kabla sijafungua duka huwa niko ufukweni, na msimu wa Tamasha la Sanaa na Utamaduni ukiwadia nafunga mashine mapema nikashinde TaSUBa, taasisi ya sanaa linakofanyika, mpaka usiku.

Ninachokilalamikia ni maelezo yanayowekwa chini ya picha magazetini. Kila mwaka nasoma yale yale: "Wasanii wakitumbuiza Bagamoyo", "Kikundi cha ngoma za asili kikionesha umahiri wake". Mgeni rasmi aliyeketi kitini anaandikwa jina lake, cheo chake na ofisi anayotoka. Mama aliyepiga ngoma hadi jasho likamlowesha kitenge hatajwi. Kikundi chake hakitajwi, wala ngoma yenyewe.

Majina hayo si magumu kuyapata. Mshereheshaji huyataja kwa kipaza sauti, na asiyemsikia anaweza kuzunguka nyuma ya jukwaa kabla ya onyesho. Atawakuta vijana wamewasha moto wanapasha ngoma ili ngozi ikaze. Mmoja anaigonga kwa ncha za vidole, anainamisha kichwa kusikiliza, haridhiki nayo, anairudisha motoni. Wakati huo watu wana nafasi na wanapenda kuongea. Mzee mmoja nilimwamkia, nikamwomba nimpige picha ya mikono yake. Nilipotoa daftari ninaloandikia vipimo vya wateja ili niandike jina lake, alilitaja polepole, akahakikisha nimeliandika sawasawa, kisha akataka niandike na la marehemu mjomba wake aliyemfundisha. Akaniambia, "Mwanangu, kamera zinakuja nyingi hapa. Daftari silioni."

Chukua muheme ya Wagogo. Wapigaji pale ni wanawake, wamebana ngoma katikati ya mapaja, na hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa sababu mahali pengi nchini ngoma hushikwa na wanaume. Ukiandika "ngoma za asili" msomaji hajaambiwa kitu. Gazeti moja, silitaji, liliwahi kuweka picha ya watu wanacheza na majembe mikononi, likaandika kuwa ni sindimba. Majembe yale ni ya bugobogobo ya Wasukuma. Sindimba ni ya Wamakonde na kazi yake iko kiunoni. Mtu ametoka Usukumani mpaka pwani kuonesha cha kwao, anafungua gazeti anakuta amepewa ngoma ya watu wengine, na marekebisho hayatoki.

Mandhari nayo inaonewa vivyo hivyo. Nimeona picha ya jua limegusa maji, mbele yake ngalawa, imeandikwa "Machweo ya Bagamoyo". Bahari yetu iko mashariki! Jua linatoka humo, halizamii humo. Aliyepiga picha ile aliamka gizani, na kwa jinsi ngalawa zilivyolala mchangani na maji yalivyokupwa mbali, nadhani alisubiri makusudi maji yatoke. Kazi yote hiyo imegeuzwa kuwa jioni na mtu aliyekaa mezani. Kaole yenye msikiti wa karne ya 13 inaitwa "magofu ya kale", basi, kana kwamba haina jina.

Wapo watakaosema gazeti halina nafasi. Jina la mtu na la ngoma ni maneno manne au matano. Yanaingia hapo hapo palipoandikwa "kikionesha umahiri wake".

Nimeziangalia sana picha za Bagamoyo za enzi za Mjerumani. Boma lililojengwa mwaka 1897 linatambulika na kila mtu analijua. Lakini wapagazi, wavuvi na wanawake waliosimamishwa mbele ya kamera zile, katika picha nyingi nilizoziona, wameandikwa kabila tu au hawakuandikwa chochote. Wajukuu zao huenda wanapita mbele ya duka langu kila siku na hakuna wa kuwaambia. Wakoloni hawakujali kuuliza. Sisi tunaongea lugha moja na hawa tunaowapiga picha, tena wengine ni majirani zetu, tuna kisingizio gani?

Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha hapa enzi TaSUBa ikiitwa Chuo cha Sanaa na kufariki mwaka 2003, anajulikana mpaka Ulaya kwa sababu rekodi zake nyingi zilitoka na jina lake juu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inawatambua watumbuizaji pamoja na watunzi. Siku kijana wa zeze akitaka kuthibitisha kuwa ni yeye aliyepiga jukwaani, picha ya gazeti isiyo na jina itamsaidia nini?

Hata kwetu sisi wenye kamera jina linaokoa. Usiku natumia lenzi ya milimita 50, nafungua tundu lake lote, na bado zile taa nyekundu za jukwaani zinafuta sura, mtu anabaki umbo tu. Picha za namna hiyo ninazo nyingi na ninazipenda. Bila daftari nisingejua nani ni nani.

Kwa hiyo, Mhariri, ninakuomba uwaagize wapiga picha wako wasilete picha ya ngoma bila jina la aliye mbele, kikundi chake, ngoma anayocheza na ala aliyoshika. Nami ukiniruhusu nitakuletea za kwangu za tamasha lijalo, bila malipo, kila moja na majina yake. Ikibidi kupunguza maneno, ondoeni jina langu mwache la mpiga ngoma.

Msomaji wako,
Fundi cherehani, Dunda, Bagamoyo