Mbwa akishapasuliwa goti, kazi huhamia nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie mbwa waliopasuliwa goti. Najua huku kwetu Mtwara msimu huu masikio ya watu yako kwenye bei ya mnada wa korosho, lakini usiku korosho hizo zinalindwa na nani kama si mbwa? Nivumilieni kidogo.

Kuna kijana wa hapa mjini alimsafirisha mbwa wake hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, akapasuliwa na kurudi naye salama. Nyuzi zilipotolewa na mbwa akaanza kukanyaga, akamfungulia. Haikuchukua muda mguu ukawa unaning'inia vilevile kama mwanzo. Sasa mtaani inasemwa kwamba upasuaji wa mbwa ni ulaji wa watu wa mjini. Mimi nakataa. Kwa nilivyousikia mkasa wenyewe, kilichoharibika kiliharibikia uani, si kwenye meza ya daktari. Wala simlaumu kijana, maana hakuna aliyemkalisha chini akamweleza.

Nasema hivi kwa kuwa nimestaafu uuguzi baada ya kukaa sana na wagonjwa wa mifupa, na mbwa wangu Tuyaone naye alikatika kano ya goti. (Jina hilo halimlengi jirani yeyote, nimeshalieleza mpaka nimechoka.)

Goti la mbwa lina kano mbili ndani, zimepishana msalaba. Ya mbele kazi yake kubwa ni kuzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele kila mguu unapokanyaga. Binadamu huikata uwanjani kwa rafu moja mbaya. Kwa mbwa, mara nyingi kano huchakaa pole pole, miezi kwa miezi, hasa akiwa mzito, halafu siku moja anageuka ghafla kumfuata ngedere na kilichobaki kinakatika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Tuyaone, chini ya mikorosho.

Zipo njia kadhaa za kulitengeneza goti hilo. Katika moja, daktari hukata mfupa wa ugoko kwa juu, akarekebisha mwinamo wake na kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Nyingine, aliyofanyiwa wa kwangu, ni kupitisha uzi mnene wa nailoni nje ya kiungo ili ushike nafasi ya kano. Wavuvi wa Mikindani wakiuona watacheka, maana hautofautiani sana na mshipi wao. Hapa ndipo watu wanapopotea. Uzi ule haukuwekwa udumu maisha. Unashikilia goti wakati mwili wenyewe unajenga kovu gumu kuzunguka kiungo, na ujenzi huo huchukua kama wiki 8 hadi 12. Baadaye uzi ukilegea, au hata ukikatika, kovu limeshapokea zamu. Mbwa akikimbia wiki ya tatu, uzi unaachia kabla kovu halijawa tayari. Hata aliyewekewa chuma, mfupa uliokatwa unahitaji kama wiki 8 kuunga, na daktari huutazama kwa eksirei kabla ya kumruhusu arudie mbio zake.

Kwa hiyo mbwa afungwe. Sisemi mnyororo kwenye mwembe, kwa sababu kila akipita mbuzi atachomoka mpaka mnyororo umrudishe kwa nguvu, na goti ndilo litakalolipa. Nasema kizimba. Seremala alinitengenezea cha mbao, kiasi cha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Tulikiweka barazani kwenye upepo, maana joto la Novemba huku halina huruma, na upande unaotazama geti nikatundika shuka asione wapita njia. Chini nilitandika magunia ya korosho, mawili mawili, yakapigiliwa misumari pembeni. Gunia la katani halitelezi. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ni adui: mguu mmoja ukichomoka kuelekea pembeni, umeharibu kazi ya watu.

Walionipitia waliniona mkatili. "Mama, huyo ameshapona, si umwachie?" Kumbe hapo anapoonekana amepona ndipo penye hatari. Wiki ya tatu na ya nne maumivu yamepungua, mbwa ana nguvu, anataka kuruka. Mgonjwa wangu wa wodini nilimwambia usikanyage, akanielewa, akachukua magongo. Mbwa haambiwi.

Kumtoa haja tulitumia kanga kuukuu. Ikunje kwa urefu iwe pana kama kiganja, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, kisha shika ncha zote mbili juu ya mgongo. Humbebi, unampunguzia uzito tu na kumdaka akiyumba. Kwa dume, hakikisha kanga haimbani uume, la sivyo atasimama pale anakutazama na hakojoi. Ulimwengu wa kanga umetufaa mengi, na hili liongezwe. Mkono wa pili ushike kamba fupi ya shingoni. Anajisaidia, anarudi kizimbani. Hakuna kuzurura uani.

Siku 3 za mwanzo barafu inasaidia sana uvimbe: ifunge kwenye taulo, iweke gotini dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Isigusane na ngozi moja kwa moja. Kidonda kisilambwe hata kidogo, na wanaosema mate ya mbwa ni dawa wakamwambie aliyefumuka nyuzi. Kola maalumu ya plastiki sikuipata hapa, nikakata kitako cha ndoo ndogo, ukingo nikauzungushia mpira wa baiskeli uliopasuliwa, nikamvisha na kuifunga kwenye mkanda wake wa shingo. Sahani ya chakula ikapandishwa juu ya kigoda ili aifikie. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, ndoo nayo haivuliwi kabla ya hapo.

Dawa ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko yote. Watu wanachukua diklofenaki au ibuprofeni ya kabatini wanampa mbwa. Dawa hizi humtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Paracetamoli nayo, kwa kipimo cha kukisia, inaweza kumuua ini. Mbwa ana dawa zake za maumivu, alizopimiwa na daktari wa mifugo kwa kilo zake, na hupewa pamoja na chakula. Akitapika, akikataa kula au akitoa choo cheusi kama lami, acha dawa umpigie daktari siku hiyohiyo. Na tafadhali, akiwa kwenye dawa hizo, mtu wa duka la pembejeo asimchome deksamethazoni, ile dawa kali ya kushusha uvimbe, "ili achangamke". Viwili hivyo kwa pamoja huchimba vidonda vya tumbo haraka sana. Sikutunga, nimeshamzuia mtu mwenye sindano mkononi.

Daktari akiruhusu, mazoezi huanzia akiwa amelala kwa ubavu wa mguu mzima. Mkono mmoja juu ya goti, mwingine chini yake, unakunja na kunyoosha taratibu mara 10 au 15. Ukiona anageuza kichwa kukutazama au anakaza msuli, umefika mwisho, rudi. Kutembea kunaanza na dakika 5 kwa kamba, kisha unaongeza kidogo kila wiki. Tembea polepole hasa. Mwendo wa polepole unamlazimisha kuuweka mguu chini. Ukienda haraka ataukunja na kurukaruka kwa mitatu. Vijana wa pwani walinishauri nimtupe baharini maji ya chumvi yamponye. Kuogelea kuna wakati wake, baadaye, kwa ruhusa ya daktari. Kidonda kibichi na mchanga wa ufukweni havipatani.

Chakula nilipunguza ugali, kwa sababu mbwa aliyelala siku nzima hunenepa. Mbavu zipapasike kwa vidole bila kuonekana kwa macho. Hili msilidharau, si ajabu goti la pili nalo kukatika ndani ya miaka michache.

Katika wiki mbili hivi mbwa anapaswa kuwa anagusisha vidole chini. Asipogusa kabisa, au akiwa ameshaanza kukanyaga kisha akaacha ghafla, au goti likilia "tak" anapotembea, au kidonda kikitoa usaha na harufu, huyo ni wa kurudi kwa daktari, si wa kuchuliwa mafuta.

Wapo watakaouliza mama wa Kiislamu ana kazi gani na mbwa. Wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa, na hukumu ya mate yake naijua: maji mara saba, moja kwa udongo. Glavu ninazo, kanga ya mbwa ni ya mbwa peke yake. Kumwacha mnyama aliyekulindia mali alemae ndiko ningekosa la kujibu.

Ombi langu kwa maofisa mifugo wa Mtwara na Lindi ni hili. Mbwa wetu hukusanyika kwa wingi siku za chanjo ya kichaa, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Watu wanapanga foleni na mbwa wao, wanachanjiwa, wanaondoka. Tumieni foleni ile. Dakika chache za kuonyesha namna ya kumfunga mbwa aliyevunjika au kupasuliwa, dawa zipi za binadamu asipewe, na karatasi moja ya Kiswahili ya kupeleka nyumbani. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze. Basi aonyeshwe anavyotunzwa. Na madaktari wa Dar es Salaam mnaowapokea mbwa wetu, mpigieni mwenye mbwa wiki ya tatu, siku ambayo mkono unamwasha kufungua mlango wa kizimba.

Kwa upande wa Mikindani na Naliendele, ofisi ikikubali, niko tayari kuja kuonyesha mwenyewe, bila posho.

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara