Kozi wadogo wa Borneo: tuonyeshe paji la uso kabla hatujachora

Kwenye ateliye yetu hapa Katuba, Lubumbashi, tunachora ndege kwenye mbao kwa ukubwa wao halisi. Wateja wanatuletea kwenye simu foto ya kozi mdogo, ndege mwindaji, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, wanasema: "Fundi, unichoree huyu." Kazi hiyo tunaipenda. Ila kabla ya kuchanganya rangi lazima tuulize ni kozi yupi, maana wako wawili wanaofanana sana, na intaneti inawachanganya majina kila siku.

Wote wawili ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Porini kwetu Katanga hawapo. Wa kwanza, kozi wa mapaja meusi (Microhierax fringillarius), ameenea kuanzia kusini mwa Thailand, akapita rasi ya Malaysia, Sumatra, Java hadi kisiwa cha Borneo. Wa pili, kozi wa paji jeupe (Microhierax latifrons), anaishi kaskazini mwa Borneo tu, upande wa Sabah na kaskazini mwa Sarawak. Kwa hiyo ukijua foto ilipigwa Sumatra, swali limekwisha. Ikiwa imetoka Borneo, tunakaza macho.

Jina lisikupeleke kwenye mapaja. Ndege hawa hukaa juu ya matawi makavu, mpiga foto yuko chini, na mapaja yanabaki kwenye kivuli. Angalia paji la uso. Wa mapaja meusi ana weupe mwembamba tu juu ya mdomo, na mstari mweupe unaoteremka nyuma ya jicho. Wa paji jeupe ana doa pana linalopanda hadi utosini.

Hapa ndipo penye shida kubwa, hasa kwa mnaoagiza jozi kwa zawadi ya harusi. Kwa kozi wa mapaja meusi, dume na jike wamevaa sawasawa. Tukichora wawili wanaofanana, tumechora mume na mke. Kwa kozi wa paji jeupe sivyo: mwenye paji jeupe ni dume peke yake. Paji la jike ni la hudhurungi inayoelekea wekundu. Ukituambia tuchore mapaji mawili meupe, maharusi wako watapata madume mawili ukutani! Hata jike peke yake mara nyingi huletwa kwetu kama ndege wa aina nyingine kabisa. Ndiyo maana kwa jozi hiyo tunaomba foto mbili.

Kuhusu ukubwa, tafadhali mtuamini. Kozi hawa wana urefu wa sentimita 15 hivi, sawa na shomoro wa uani. Ukitaka mbao kubwa ijae, usituombe tumkuze awe tai. Afadhali tuongeze ndege. Wa mapaja meusi hupenda kukaa kikundi, wamebanana kwenye tawi moja, na picha hiyo inapendeza kweli. Mdomoni tutamwekea kereng'ende au kipepeo, kwa kuwa wadudu ndio chakula chao kikuu, nyoka hapana. Kiota nacho hatukichori: wanataga kwenye matundu ya miti yaliyoachwa na vigong'ota, basi tutachora tundu.

Unapoleta komande, njoo na foto yenye uso ulio wazi na jina la mahali ilipopigwa. Avansi tunapokea baada ya kukubaliana ni kozi yupi.