Mwanangu, mjomba wako hatapiga ule muhuri

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Sisi hapa Kibaigwa hatujambo. Baba yako kifua kimepoa, juzi amerudi shambani. Bibi anakusalimu; kila akiniona na simu anauliza kama ni wewe. Mahindi yameanza kuingia sokoni kwa wingi, kwa hiyo nakuandikia usiku, malori yakiwa yametulia.

Ujumbe wako niliusoma Jumapili. Sikukupigia kwa sababu nilijijua, ningefoka. Unataka nimwombe mjomba wako akujazie fomu za fildi, yale mafunzo yenu kwa vitendo, na kugonga muhuri wa kampuni yake kwenye logibuku, daftari la kazi za kila siku, huku wewe umekaa Ng'ong'ona na wenzako wiki zote nane. Unasema wengi wanafanya hivyo. Nimezungumza na mjomba wako, mama. Nimemwambia asigonge.

Usidhani sioni ulivyohangaika. Barua kumi na moja umezungusha mjini, jua la Dodoma unalijua. Wengine hawakujibu, wengine wakasema nafasi zimejaa, na yule mmoja akaitupa barua yako juu ya kabati ukiwa bado umesimama mbele yake. Hilo liliniuma hadi nikashindwa kula. Ofisi zimekuwa nyingi tangu Serikali ihamie huku, lakini na wanaoomba wamekuwa wengi. Umechoka, na mtu aliyechoka hushika tawi lililo karibu. Ila tawi hili mimi nililishika kabla yako, na hiyo habari sijawahi kukusimulia.

Nikiwa chuo, mwaka wa mwisho wa stashahada ya uhasibu, rafiki wa familia alinisainia mafunzo kwa vitendo. Nilikwenda ofisini kwake siku mbili. Ripoti niliinakili kwa mwenzangu, nikapata alama nzuri. Mwaka 1999 nikaajiriwa. Mwisho wa mwezi wa kwanza nikaambiwa nifanye usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari letu la fedha na taarifa ya benki. Darasani nilikuwa nimeufaulu. Mezani nikakuta daftari linazidi taarifa kwa shilingi 180,000. Nilihesabu mpaka usiku, nikaona aibu kuuliza, nikaandika kwamba kuna upungufu.

Keshia alisimamishwa kazi. Mzee wa watu, ana watoto watano. Wiki mbili alikaa nyumbani akiitwa mwizi mtaani kwake, mpaka mhasibu mwingine alipoipitia kazi yangu na kuona kwamba ile 180,000 ilikuwa hundi iliyopelekwa benki siku ya mwisho wa mwezi, bado haijaingia kwenye akaunti. Ni jambo ambalo mwanafunzi aliyekaa kwenye ile meza mwezi mmoja tu angelijua. Mzee alirudi kazini. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini hakuwahi tena kuniita mwanangu kama alivyokuwa akiniita mwanzo.

Ndiyo maana nimekataa, Neema. Niliyoyakwepa mimi, aliyalipa mtu mwingine.

Na wewe unasoma kemia. Namba zako watu watazila. Unakumbuka mwaka 2016, ulikuwa bado mdogo, wakati watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walipougua kwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu, na wengine wakafa? Ni mahindi yao wenyewe, ya majumbani mwao. Hindi linaweza kuonekana zima kabisa na sumu imo, na kulipika hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hebu fikiria udogo huo, kisha fikiria mtu anayepima akiwa hajawahi kushika sampuli.

Kwenye sampuli ndiko kazi ilipo, nami nimejifunza hilo hapa ghalani, sikulisoma popote. Sumukuvu haienei sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa nayo na la jirani yake halina. Ndani ya gunia hilohilo, punje chache tu ndizo zilizobeba balaa lote. Msimu uliopita kijana mmoja alichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye magunia ya karibu na mlango tu, kwa kuwa ndiyo yanayofikika. Unyevu ukasoma chini ya asilimia 13.5, akaandika kwamba mzigo ni salama kuhifadhi. Mzee wetu anayekagua ubora wa mahindi akamrudisha, akamwamuru ashushe magunia ya katikati. Huko ndani mahindi yalikuwa na joto ukiyashika, dalili kwamba yana unyevu. Kipimo cha kijana hakikukosea. Alikosea pa kuchoma.

Babu yako, Mungu amrehemu, alipomaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wapite Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha wafanye kazi kwanza, ndipo waombe chuo. Aliajiriwa ukarani. Alilalamika sana, alikiri mwenyewe, kwamba wenzake wa miaka ya nyuma hawakucheleweshwa. Lakini alikuwa akisema alipoingia darasani alijua maswali ya kumuuliza mwalimu. Ninyi mmepewa wiki nane. Na hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo utairudisha kwa mshahara wako. Ya nini kukopa kwa ajili ya kitu ambacho hukukifanya?

Sasa tuseme la kufanya. Barua zako zilikwenda kwenye wizara karibu zote, na wizarani mwanafunzi wa kemia watampa mafaili. Tafuta penye maabara. Taasisi ya Jiolojia iko hapo hapo Dodoma na wanapima sampuli za miamba na madini. DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, wanapima maji, na maji ya visima ya Dodoma, kwa chumvi ile, yanamtaka mkemia kuliko kitu chochote. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Nenda mwenyewe asubuhi, uliza jina la mkuu wa maabara, barua uiandike kwa cheo chake na useme unachoweza kufanya. Zile kumi na moja zote zilifanana, nilizisoma.

Ukipokelewa, logibuku ijaze siku ileile, uandike na kilichokushinda. Wakikupa kuosha vyombo vya maabara, vioshe vizuri, kwa sababu chombo kichafu huharibu kipimo na hilo nalo ni somo. Lakini wiki ikiisha unatoa kopi na kutumwa chai tu, mwendee msimamizi wako kwa adabu, mwombe akuonyeshe kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Asipokuelewa, mweleze mwalimu wako wa chuo mapema, usimngoje siku atakapokuja kukagua.

Kama mpaka Ijumaa ijayo hujapata, njoo huku. Nimeshaongea na mwenye ghala, amekubali. Mimi sitakusimamia wala sitakusainia chochote. Utakuwa chini ya yule mzee wa ubora, anaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na hapendi maneno mengi. Amesema nikuambie uje na viatu vya kufunika vidole na kitambaa cha kujifunga puani, vumbi la mahindi msimu huu ni kali.

Nauli nimekutumia kwenye simu, na kidogo ya kuchapa barua mpya. Mjomba wako naye anakusalimu. Hajakasirika.

Mama yako