Barua ya wazi kwa Mkutubi Mkuu: Meza ya marejeo haina mtu

Mheshimiwa Mkutubi Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba barua hii itakufikia upesi kuliko maswali matatu niliyoyatuma kupitia ukurasa wa "Muulize Mkutubi" tangu muhula huu uanze. Nisiseme uongo: yote matatu yalijibiwa papo hapo, tena kwa sentensi ileile isiyopungua nukta, kwamba ujumbe wangu umepokelewa na kwamba mhudumu atanijibu ndani ya saa 24. Sasa tumo katika wiki ya sita.

Mimi ni mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili, mwaka wa pili, na ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Bombo. Jumatatu hadi Ijumaa niko darasani, kwa sababu tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, na walimu wake bado wanatafutwa kwa tochi. Siku yangu ya maktaba ni Jumamosi, basi. Nakueleza haya ili usije ukaniuliza, kama nilivyoulizwa na mmoja wa wasaidizi wako kwa simu, kwa nini siji siku ya kazi.

Jumamosi iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda taksi ya kwanza, tukakwama kwenye msongamano wa magari wa Kawempe kama ilivyo desturi, nikaingia maktabani saa mbili na nusu. Kwenye meza ya marejeo, pale mkutubi anapopaswa kuketi amsaidie msomaji kutafuta anachotaka, kiti kilikuwa kimegeuziwa ukutani. Kompyuta ya mhudumu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua, mfano wa vile tunavyofunikia redio sebuleni, na juu ya kitambaa imebandikwa karatasi kwa selotepu: "Huduma za marejeo sasa zinapatikana mtandaoni." Nikaenda kwenye kompyuta za wasomaji. Ziko tano. Tatu hazikuwaka, ya tano ilikuwa na kijana anayetazama mpira, na ya nne, iliyowaka, ilinidai nenosiri jipya la muhula. Nenosiri hilo, Mheshimiwa, hutolewa kwenye meza ya marejeo.

Nilisimama pale nikiisoma ile karatasi mara ya pili na ya tatu, nikakumbuka maneno yako ya mwaka jana katika ukumbi mkubwa, siku ya kutukaribisha. Ulituahidi kwamba kwa mfumo mpya msomaji hatapanga foleni tena kwenye meza ya marejeo. Ahadi hiyo umeitimiza kikamilifu. Foleni haipo, kwa kuwa hayupo mtu wa kupangiwa foleni.

Nilikuwa natafuta nini? Tasnifu yangu inahusu mvutano juu ya Kiswahili nchini mwetu, tangu Gavana Gowers alipotoa waraka wake wa mwaka 1927 akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika Himaya ya Uganda, hadi Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 kukifanya lugha rasmi. Nilitaka waraka huo, au walau kujua ulipo. Nikiandika "Kiswahili" katika katalogi yenu kwa simu yangu, naletewa hadithi za watoto na vitabu vya sarufi. Kumbe katalogi za namna hii hupangwa kwa vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge ya Marekani, na humo lugha yetu imeandikwa Swahili, bila "Ki", kwa Kiingereza. Na waraka wa gavana huenda hata hauko chini ya lugha, uko chini ya serikali au chini ya elimu. Hilo la "Ki" sikuelezwa na mashine yoyote. Nilifundishwa na mkutubi mmoja mzee, sasa amestaafu, nilipokuwa nasomea shahada ya kwanza. Alinisikiliza, akaniuliza maswali mawili kuhusu nilichotaka hasa, kisha akaandika neno moja kwenye kompyuta yake kuukuu na vitabu vikamiminika.

Huyo mzee alikuwa anaitumia kompyuta. Naomba hilo lisikupite, kwa maana najua nitaambiwa kwamba mimi ni mtu wa kadi za droo za mbao na vumbi, ninayepinga maendeleo. Sipingi. Programu ya kuendeshea maktaba kama Koha, iliyozaliwa New Zealand, hutumiwa na maktaba duniani kote bila ada ya leseni. Mpango wa Research4Life hufungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida ambayo tusingeweza kuyanunua. RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, umefikisha katika vyuo vyetu intaneti na eduroam, ile Wi-Fi ya wanavyuo. Hayo yote ni neema, nami nayashukuru kila ninapofanikiwa kuyafikia, yaani mara moja moja. Lakini hata Maktaba ya Bunge ya Marekani, ilipoanzisha pamoja na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, huduma ya maswali ya mtandaoni mwaka 2002, haikuondoa watu. Swali liliandikwa kwenye kompyuta na upande wa pili aliketi mkutubi. Kama kwenu ni usiku, lilipelekwa kwa mkutubi wa nchi ambako kumekucha. Kompyuta ilikuwa njia ya kumfikia mtu. Hapa kwetu tumechukua njia, tukamwacha mtu.

Sijui sababu. Nakisia tu, kama wanavyokisia wenzangu kwenye ngazi za maktaba. Wengine husema kompyuta zililetwa na mradi wa wafadhili, mradi ukaisha na fundi akaisha nao. Wengine husema wahudumu walipewa mfumo mpya kwa mafunzo ya siku moja, wakaona afadhali wauogope kwa mbali. Mimi nadhani kuna mahali, katika kikao fulani cha bajeti, mtu alihesabu mishahara ya Jumamosi, akaona neno "mtandaoni" ni rahisi kulipia. Kama nimekukosea, nisahihishe, nitafurahi kupata jibu la aina yoyote.

Nikiwa nyumbani Bombo mambo si mepesi zaidi. Bando nanunua kwa shilingi zangu, na tangu Julai 2021 kila bando lina kodi ya asilimia 12 ndani yake. Mwezi uliopita nilijaribu kupakua tasnifu moja ya zamani kutoka hazina yenu ya kidijitali; ni faili nzito, kurasa zimepigwa picha moja moja, ikakatika mara tatu ikiwa karibu kumalizika, na mara ya nne mfumo ukaniambia muda wa akaunti yangu umekwisha, nifike kwenye meza ya marejeo. Mwenzangu wa darasa, kwa kuchoka, aliiuliza programu ya akili mnemba, ikampa jina la kitabu, mwandishi na mwaka, vyote vizuri kabisa. Akakitafuta kwa Jumamosi mbili. Kitabu hicho hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Angekuwapo mkutubi wa kumwuliza, lingekuwa jambo la dakika tano.

Nirudi kwenye Jumamosi yangu, maana haikuishia patupu. Nilipokata tamaa nilimwendea askari anayepokea mifuko mlangoni, nikamwonyesha PL 8701, alama ya rafu ya vitabu vya Kiswahili niliyoinakili, ambayo kwa mujibu wa katalogi ni rafu ya ghorofa ya chini. Akaitazama, akasema: "Mwalimu, vile vya Kiswahili walivipandisha juu paa lilipovuja. Viko nyuma ya majarida ya zamani, pembeni mwa feni mbovu." Nikapanda. Vilikuwa pembeni mwa feni mbovu. Waraka wa gavana haukuwamo, lakini nilipata vitabu viwili ambavyo katalogi inaapa viko ghorofa ya chini. Askari huyo alinijibu ndani ya nusu dakika, hakunidai nenosiri, wala hakuniambia ujumbe wangu umepokelewa. Sitaki apate shida kwa sababu ya barua hii. Kama kuna barua nyingine inayostahili kuandikwa, ni ya kumpongeza.

Mheshimiwa, Ranganathan, mkutubi wa India, ambaye wewe umemsoma kuliko mimi, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na ya nne inataka muda wa msomaji uokolewe. Kutoka Bombo hadi hapo ni mwendo wa saa mbili na nusu siku njema. Kurudi, usiulize.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi: kompyuta tatu zitengenezwe, akaunti zidumu mwaka mzima, katalogi irekebishwe ifuate rafu zilipo, anayeandika "Kiswahili" aletewe pia vilivyo chini ya jina la Kiingereza. Nimeyafuta, kwa kuwa najua orodha ndefu huishia kwenye kamati. Ninaomba jambo moja. Mrudishe mtu kwenye meza ya marejeo siku ya Jumamosi, kuanzia saa mbili hadi mnapofunga saa nane. Mtu mmoja tu, mwenye kompyuta inayowaka, anayejua kuitafuta katalogi, anayeruhusiwa kutoa nenosiri, na ambaye asubuhi atafungua kwanza yale maswali yaliyorundikana katika "Muulize Mkutubi", yakiwamo matatu yangu. Akijua kama waraka wa 1927 nianze kuutafuta kwenye Nyaraka za Taifa pale Wandegeya au mahali pengine, itakuwa baraka juu ya baraka. Asipojua, aseme hajui, nami nitajua pa kutokwenda.

Jumamosi ijayo nitafika saa mbili na nusu, Kawempe ikiniruhusu. Swali langu ni lilelile.

Wako mtiifu bado,

Mwanafunzi wa uzamili na mwalimu wa Kiswahili,
Bombo