Barua ya wazi kwa vijana wa magari ya kasi, na kwa wazee wenzangu wanaoyatamani

Wanangu, wajukuu zangu, na ndugu zangu wa rika langu,

Nawasalimu kwa heshima na mapenzi. Kazi yangu ilikuwa ufundi wa magari hapa Mombasa tangu ujanani hadi nilipostaafu, na mpaka leo vijana hunijia nyumbani kuniuliza kama wakati wao umefika wa kununua Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution, au gari jingine lenye nguvu kuliko mahitaji ya kila siku. Wazazi wao huniuliza swali hilo hilo kwa upande wa pili: je, si mapema mno? Na wazee wenzangu, tena kwa sauti ya chini, huniuliza kama wao hawajachelewa. Nimeona bora niwajibu nyote kwa pamoja na kwa maandishi, ili jibu langu lisibadilike kwa kumwonea haya anayeuliza.

Sijui umri ambao gari la kasi limeharamishwa, na sijui umri ambao ni lazima mtu awe nalo. Ninachokitazama ni nani anayeilipa raha hiyo. Kijana akiendesha gari la kasi huku mwenzake wa kazini akikatwa mshahara kwa sababu alimdhamini mkopo wa Sacco, basi mwenye gari ni yule mdhamini, kijana ni mwendeshaji tu. Baba akiwa na gari la namna hiyo na karo ya watoto inachelewa kila muhula, gari lile ni la watoto, ingawa hawajawahi kuulizwa. Umri wa mtu huwa umefika pale anapoweza kulipa mwenyewe: kwa fedha yake, kwa subira yake, na kwa kuujua mguu wake wa kulia.

Wanaosema kwamba magari haya ni ya vijana peke yao wayakumbuke mashindano yetu ya Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, naye alikuwa hajatimiza miaka 28. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mwaka 1965, akashinda tena 1974, kisha 1976 akiwa na miaka 44. Nawaomba vijana wautazame zaidi ule ushindi wake wa kwanza. Yeye na nduguye Jaswant waliendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kukimbizwa katika Safari ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na gari alilolijua kwa mikono yake lilimfikisha mbele ya watu waliokuja na magari mapya.

Hilo linatuhusu sana leo, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Ile Impreza ya mwaka 2004 au 2006 unayoitamani, kwa hiyo, haitoki Japan sasa hivi. Imekaa hapa nchini miaka mingi, imepita mikono kadhaa, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya vijana kama wewe waliotaka kuisikia ikinguruma kabla oili haijapata moto. Unanunua mwenendo wa watu usiowajua, na huwezi kuujua kwa kutazama rangi na rimu.

Nenda kulikagua asubuhi, kabla halijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti, na ukihisi joto, jua muuzaji amekwisha kuliamsha ili ukifika usisikie sauti ya injini iliyolala usiku kucha. Muage kwa adabu, urudi siku nyingine bila kutoa taarifa mapema. Chomoa kijiti cha kupimia oili uone kiwango chake na rangi yake. Likiwashwa, simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto mara nyingi huashiria maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na kubadilisha gasketi ya hedi, ile inayoziba maji hayo yasipenye, katika injini za Subaru, ambazo pistoni zake zimelala ubavuni, si kazi ya mchana mmoja wala ya fundi wa kujaribu. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini unaoongezeka ukikanyaga mafuta, usijadiliane bei, ondoka. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, ulibadilishwa lini, na usiridhike na jibu la mdomo, kwani ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini nzima huharibika. Pitisha kidole kwenye ukingo wa diski ya breki, na ukikuta umechongoka kama mdomo wa bati, ujue diski imeliwa. Kisha inama usome tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa kila tairi: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona magari yaliyopakwa rangi ya kung'aa, yenye injini iliyoongezwa nguvu, yakisimama juu ya tairi za zamani zilizopasuka mipasuko midogo midogo kwenye ubavu, na mwenyewe hakuwa na habari.

Tena magari haya huvuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi zake hazibadilishwi moja moja. Tairi mpya moja ikichanganywa na tatu zilizolika, vipenyo hutofautiana na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi isiyoundiwa. Asiyeweza kununua tairi nne kwa mpigo bila kukopa bado hajaweza kulimiliki gari hili, hata kama bei ya kulinunua anayo mfukoni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wengi mnanijia mkiwa mmekwisha kununua. Mnafika na fedha yote imeishia kwenye gari, na wengine mmekwisha kuiweka logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, rehani ili mbadilishe ekzosi na kuongeza msukumo wa tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, ilhali breki ni zile zile zilizokuja na gari. Nawasihi: anayeongeza nguvu ya injini aanze na breki, tairi na shokomzoba. Gari likishindwa kukimbia utachelewa tu, lakini likishindwa kusimama utamkuta mtu mbele yako.

Mtu huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, yaani umri wenu na wa wadogo zenu. Tafakarini barabara yetu ya kwenda Nairobi, kuanzia foleni ya malori ya Mariakani, kupitia Mackinnon Road na Maungu hadi Voi, ambako mbuzi huvuka, watoto wa shule huvuka, na tembo wa Tsavo nao huvuka. Ukienda kilomita 120 kwa saa, unakula mita 33 kila sekunde. Macho yakiona lori lililokufa njiani bila taa, mguu huchukua takriban sekunde moja na nusu kufika kwenye breki, na ndani ya muda huo umekwisha kupita mita 50 bila kupunguza chochote. Kisha umbali wa kusimama kwenyewe, kwa mwendo maradufu, huwa mara nne, wala ustadi wa dereva hauwezi kubadili hesabu hiyo. Hata huko Japan, kwa miaka mingi watengenezaji walikubaliana wasitangaze nguvu ya injini inayozidi farasi 280, na magari wakayawekea kizuizi yasipite kilomita 180 kwa saa. Leo wapo vijana wanaomlipa fundi aondoe kizuizi hicho, ilhali sheria yetu mijini ni kilomita 50 na hata kwenye barabara pana haizidi 110.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Marafiki wanaokurekodi kwa simu ukipita usiku kwenye barabara ya Nyali hawatakuja kukulipia wakili. Mwenye hamu ya kweli ya mwendo ajiunge na klabu, ajiandikishe katika mashindano ya autokrosi yanayosimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya. Huko atavaa helmeti na mkanda wa usalama unaobana mabega yote mawili, kutakuwa na wasimamizi na gari la wagonjwa, na njia itakuwa imefungwa. Safari Rally imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu mwaka 2021, na baadhi ya madereva wetu wanaoonekana huko Naivasha mashindanoni walianzia kwenye viwanja vya vumbi kama hivyo.

Kwenu mlio katikati ya maisha, wenye watoto na wazazi wa kutunza, sina mengi. Gari la kasi liwe la pili nyumbani, lisiwe la kwanza, na mke au mume ajue gharama yake yote kabla halijanunuliwa. Mkishindwa kulizungumza mezani, subirini.

Wazee wenzangu, ninyi nitawaambia kwa kirefu kidogo, kwa sababu hakuna anayetushauri. Wengi wetu tulisomesha, tukajenga, na sasa tuna akiba kidogo na hamu iliyosubiri miaka thelathini. Hamu hiyo si aibu, na wanaosema mzee wa miaka 65 hafai kuonekana ndani ya gari la milango miwili hawajatukosesha lolote. Lakini macho yetu hayapokei tena taa za mbele kama zamani. Baada ya kumulikwa, huchukua muda mrefu zaidi kuona tena, na mwenye mtoto wa jicho humchukua muda zaidi. Pimeni macho kabla ya kununua, muulizeni daktari kama dawa mnazotumia za presha au sukari zinaleta usingizi au kizunguzungu, na safari ndefu zifanyeni mchana. Jaribuni kuingia na kutoka kwenye kiti mara kadhaa siku ya ukaguzi, si mara moja tu, kwa sababu magari haya yako chini na magoti yetu yana kumbukumbu. Gia za otomatiki zisiwatie haya. Na gari jepesi la nguvu ya wastani, kama Mazda MX-5 au Toyota 86, litawapa raha kwenye kona bila kudai mwendo wa kutisha.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi na vijana pamoja. Mzee mwenye gari zuri aweke daftari la matengenezo, aandike kila oili iliyobadilishwa na kila kipuri kilichofungwa, pamoja na tarehe na kilomita. Kama amekusudia kumwachia mwanawe, amwite gereji wakati angali na nguvu, amfundishe kusikiliza injini, kisha amhamishie umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, akiwa hai, mbele ya ndugu zake wote. Nimeona gari likisimama uani kwa miaka mingi, matairi yakiozea chini, kwa sababu marehemu aliwaahidi watoto watatu ufunguo mmoja.

Wenu katika mapenzi,
Fundi mstaafu, Mombasa